Kutoka Makazi hadi Uraia: Familia za Warundi wa 1972 na Sheria ya Tajnisi Tanzania

Utangulizi

Katika masomo yetu ya Kiswahili neno uraia hufundishwa kama msamiati wa siasa tu, pamoja na bendera, wimbo wa taifa na katiba. Mwanafunzi hulikariri, akalitungia sentensi moja, kisha akaendelea na somo jingine. Lakini hapa Burundi ni vigumu kumpata mwanafunzi ambaye ukoo wake hauna mtu aliyewahi kujaza fomu ya uraia wa nchi nyingine, au aliyewahi kuketi na wazee wa ukoo kujadili kama ijazwe au isijazwe.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kundi moja la watu hao, yaani Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na ambao, baada ya kukaa huko zaidi ya miaka 35, waliulizwa kama wanataka kurudi kwao au kuwa raia wa Tanzania. Tutaitazama sheria waliyoombea uraia, namna familia zilivyoingia ndani ya sheria hiyo, miaka ya kungoja iliyofuata, na nafasi ya lugha ya Kiswahili katika jambo hilo. Hoja yetu ni kwamba sheria humtazama mwombaji kama mtu mmoja mmoja, ilhali uamuzi wa kuomba hufanywa na familia nzima. Mengi yaliyokuwa magumu katika historia hii yalitokana na tofauti hiyo.

Maneno yenyewe

Tuanze na maneno, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Neno raia limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kundi la mifugo lililo chini ya mchungaji. Baadaye likawa na maana ya watu walio chini ya mtawala. Katika matumizi ya leo maana hiyo ya zamani imefifia, na raia ni mtu mwenye haki na wajibu katika nchi yake. Kirundi kimepita njia nyingine. Sisi husema umwenegihugu, yaani mwenye nchi, na uraia ni ubwenegihugu. Kiswahili nacho kina mwenyeji, mwenye mji, ila neno hilo halikupewa kazi ya kisheria.

Mgeni anapofanywa raia, Idara ya Uhamiaji ya Tanzania huuita uraia huo uraia wa tajnisi. Neno tajnisi nalo ni la Kiarabu, kutokana na jinsi, yaani aina. Kumtajnisi mtu ni kumfanya awe wa aina moja na wenyeji. Neno hili halimo katika mazungumzo ya kila siku, na hata walimu wengi wa Kiswahili hawajapata kulitumia. Hata hivyo, kwa familia za Warundi tunaozizungumzia lilikuwa neno la nyumbani kwa miaka kadhaa.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa. Sehemu walizopewa wakimbizi wa 1972 ziliitwa makazi. Neno makazi limetokana na kitenzi kukaa, kama lilivyo neno mkazi. Lakini waliokaa katika makazi hayo hawakuitwa wakazi. Waliendelea kuitwa wakimbizi, hata wale waliozaliwa humo na ambao hawakupata kukimbia popote.

Sheria ya uraia kabla ya 1972

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa nchini na ambaye mzazi wake mmoja alizaliwa nchini alikuwa raia moja kwa moja. Wengine waliokuwa na uhusiano na nchi hiyo, wakiwemo wengi wenye asili ya Asia na Ulaya, walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Sheria hiyo haikupita kimya kimya. Katika mjadala wa Bunge wa Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Julius Nyerere aliwapinga kwa ukali. Alishikilia kwamba uraia utokane na utii kwa nchi, si rangi ya ngozi, na akaweka wazi kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kwa ajili ya jambo hilo.

Msimamo huo wa 1961 una uzito kwetu kwa sababu ndio uliofungua mlango kwa watu wasio wenyeji kwa damu. Warundi wenyewe hawakuwa wageni kabisa katika ardhi hiyo. Katika enzi ya ukoloni wengi walivuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na baadhi yao hawakurudi. Wengi wa watoto wao na wajukuu wao leo ni Watanzania.

Aidha, kabla ya Warundi, Tanzania ilikwisha kuwapokea wakimbizi wengine kama raia. Mwaka 1980 serikali ilitoa nafasi ya uraia kwa makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR.

Makazi matatu

Mwaka 1972, baada ya uasi uliozuka kusini mwa Burundi mwishoni mwa Aprili, serikali ya Michel Micombero iliendesha mauaji makubwa ambayo Warundi huyaita Ikiza. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Wasomi, wanafunzi, walimu na watumishi Wahutu ndio waliolengwa zaidi. Waliosalia katika mikoa ya kusini, hasa kando ya Ziwa Tanganyika, walikimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda.

Serikali ya Tanzania iliwapeleka waliovuka katika maeneo ya misitu magharibi mwa nchi. Ulyankulu ilianzishwa katika Mkoa wa Tabora, kisha Katumba karibu na Mpanda. Ulyankulu ilipojaa kuliko ardhi yake ilivyoweza kubeba, sehemu ya wakazi wake walihamishiwa makazi ya tatu, Mishamo, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Katumba na Mishamo zilikuwa wakati huo katika Mkoa wa Rukwa. Leo zimo katika Mkoa wa Katavi, uliogawanywa kutoka Rukwa mwaka 2012.

Familia zilipewa mashamba, zikakata miti, zikalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Kufikia mwaka 1985 makazi hayo yalihesabiwa kuwa yanajitegemea, na UNHCR ikayakabidhi kwa serikali. Shule zilikuwa za mtaala wa Tanzania, na watoto walisoma kwa Kiswahili kama watoto wa Tabora au Sumbawanga. Nyumbani na makanisani Kirundi kiliendelea.

Hata hivyo, makazi yalikuwa na mkuu wake aliyewekwa na serikali, na mkazi aliyetaka kutoka nje ya eneo alitakiwa kupata kibali. Baba angeweza kuuza gunia la mahindi Mpanda bila mtu kumwuliza ametoka wapi, lakini akisafiri hadi Dar es Salaam bila karatasi, alikuwa mkosaji. Kijana aliyefaulu mitihani alikuta milango mingi ya kazi imefungwa kwake kwa sababu si raia. Kwa maneno mengine, familia hizi zilikuwa na ukaazi wa muda mrefu usio na haki za ukaazi.

Wapo pia Warundi ambao hawakwenda makazini. Walibaki katika mji wa Kigoma na vijiji vilivyo kandokando ya ziwa. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, alionyesha tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili. Wa Mishamo walijiona kama taifa lililo uhamishoni, wakisimuliana historia ya Burundi na kungoja siku ya kurudi. Wa Kigoma walioana na wenyeji, wengine wakabadili majina au dini, wakasema Kiswahili, na wengi wao hawakupenda kuitwa wakimbizi. Tutalirudia jambo hili tunapozungumzia lugha.

Masharti ya tajnisi

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ilikusanya pamoja sheria zilizotangulia. Inataja uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Mwombaji wa tajnisi ni lazima awe mtu mzima. Ni lazima awe amekaa nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa kwa jumla isiyopungua miaka 7. Ni lazima ajue Kiswahili au Kiingereza kwa kiasi cha kutosha, awe na tabia njema, aonekane kuwa na mchango kwa uchumi, elimu au ustawi wa nchi, na awe na nia ya kuendelea kuishi humo. Akikubaliwa, huapa kiapo cha utii, na huukana uraia wake wa zamani, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Ukiyasoma masharti haya utaona kwamba mkazi wa Katumba aliyetimiza miaka 35 shambani alikuwa ameyatimiza takribani yote. Kilichomzuia ni hali yake ya ukimbizi, gharama ya ombi, na njia ndefu ambayo ombi hupitia, kutoka serikali ya mtaa au kijiji, kupitia kamati za wilaya na mkoa, hadi kwa waziri. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa pia kutangaza nia yake gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa mkulima wa Mishamo hiyo ilikuwa njia ya kwenye karatasi tu.

Kuna suala jingine ambalo wanasheria wamelijadili sana. Ukiyasoma maneno ya sheria hiyo ya 1995, mtu aliyezaliwa Tanzania ni raia isipokuwa katika hali chache, kwa mfano akiwa mtoto wa mwanadiplomasia wa kigeni. Kwa utendaji, mamlaka zimetaka mzazi mmoja angalau awe raia. Ndiyo maana maelfu ya watoto waliozaliwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walihesabiwa kuwa wakimbizi pamoja na wazazi wao, na baadaye wakalazimika kuomba uraia wa nchi waliyozaliwa.

Swali la mwaka 2007

Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, na baada ya uchaguzi wa 2005 hali ya Burundi ilitulia kiasi cha kuanza kuzungumzia kufungwa kwa makazi ya zamani. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilikubaliana juu ya mpango wa suluhisho la kudumu. Watu walihesabiwa na kusajiliwa, wakapatikana karibu 220,000. Kila kaya iliulizwa kama inachagua kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Takribani asilimia 80 walichagua uraia. Asilimia 20 hivi walichagua kurudi, na zaidi ya watu 50,000 walirudishwa katika miaka iliyofuata.

Takwimu hizo huandikwa kwa urahisi, lakini kila moja ilikuwa na mazungumzo ya usiku nyuma yake. Baba aliyeondoka Nyanza-Lac akiwa na miaka 20 alikumbuka mnazi na mchikichi wa baba yake, na alitaka kuzikwa huko. Mwanawe aliyezaliwa Katumba hakuijua Nyanza-Lac. Alikuwa na mke, shamba na watoto wanaosoma kwa Kiswahili. Mama alikuwa na binti aliyeolewa Mpanda na Mtanzania, na binti huyo hangeweza kuhesabiwa katika orodha ya wanaorudi. Nyumba moja iliweza kutoa majibu mawili, na pale ambapo mkuu wa kaya alijibu kwa niaba ya wote, jibu lake lilibeba maisha ya watu ambao hawakusema neno.

Zaidi ya hayo, kurudi hakukuwa kurudi pale pale. Mashamba ya kusini yalikwisha kukaliwa na watu wengine, baadhi yao wakiwa wamepewa na serikali. Sheria ya ardhi ya Burundi ya 1986 iliwapa haki waliokaa juu ya ardhi kwa muda mrefu, hadi miaka 30, bila kupingwa. Mkataba wa Arusha kwa upande wake uliahidi wakimbizi kurudishiwa mali zao. Tume ya ardhi na mali nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilipewa kazi ya kupatanisha haki hizo mbili, na kazi hiyo ilizua migogoro mingi kati ya waliorudi na waliowakuta. Wasiokuwa na pa kwenda walijengewa vijiji vipya.

Familia na fomu

Sasa tufike kwenye fomu yenyewe. Katika sheria ya Tanzania hakuna ombi moja la familia. Mtu mzima huomba kwa jina lake. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haombi mwenyewe. Mzazi aliye raia ndiye humwombea, na waziri ana uwezo wa kumkubali. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia ana njia yake nyepesi zaidi, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa raia hana njia hiyo, bali hupita katika masharti ya kawaida.

Kutokana na kanuni hizo, tarehe ya kuzaliwa ikawa jambo zito. Kijana wa miaka 17 alikuwa chini ya mzazi, na wa miaka 18 alikuwa mwombaji anayejitegemea, mwenye mahojiano yake na hatari yake ya kukataliwa. Vijijini kwetu tarehe hukumbukwa kwa msimu, kwa njaa au kwa kifo cha jirani, si kwa kalenda. Hivyo mwaka ulioandikwa na karani wa usajili uliweza kumweka ndugu mmoja upande huu na mwingine upande ule.

Serikali ya Tanzania ilifanya jambo la kusifiwa hapa. Badala ya kuwangoja watu ofisini, maofisa wa uhamiaji walikwenda makazini kupokea maombi, na ada ilipunguzwa sana kutoka kiwango cha kawaida. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Ni mara chache sana nchi yoyote duniani imewapokea wakimbizi wengi kiasi hicho kuwa raia kwa mkupuo mmoja.

Kulinganisha: waliokwenda Marekani

Ili tuelewe vizuri zaidi, tuwatazame Warundi wengine wa 1972. Hawa hawakuwa katika makazi matatu. Walikuwa katika kambi za magharibi mwa Tanzania, wengi wao wakiwa wamekimbia zaidi ya mara moja, kwanza Rwanda au Zaire, kisha Tanzania. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Marekani iliwachukua maelfu kadhaa yao.

Huko njia ina ngazi zinazojulikana. Mkimbizi akishakaa mwaka mmoja huomba ukaazi wa kudumu. Baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia. Hufanya mtihani wa Kiingereza, na mwingine wa historia na serikali ya nchi hiyo. Wazee waliokaa miaka mingi kwa ukaazi wa kudumu husamehewa ule wa Kiingereza. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2000, mtoto mwenye ukaazi wa kudumu, aliye chini ya miaka 18 na anayeishi na mzazi wake, huwa raia moja kwa moja mzazi huyo anapokuwa raia. Akivuka miaka 18 kabla mzazi hajaapa, ni lazima aombe mwenyewe.

Utaona kwamba mpaka wa miaka 18 uko pande zote mbili, na kwamba pande zote mbili lugha ni sharti. Tofauti iko kwenye ngazi ya katikati. Mkimbizi wa Marekani hupewa kwanza ukaazi wa kudumu, yaani haki ya kufanya kazi, kusafiri ndani ya nchi na kupanga maisha, ndipo aombe uraia akiwa na miguu ardhini. Wa Katumba aliruka kutoka ukimbizi hadi uraia bila ngazi hiyo. Alipokwama, hakuwa na mahali pa kusimama.

Miaka minne ya kungoja

Na kweli alikwama. Sharti moja lililoambatana na mpango huo lilikuwa kwamba raia wapya wahame makazi na kutawanywa katika mikoa mingine ya Tanzania, na kwamba hati za uraia zingetolewa wakishahama. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba makazi yafungwe na watu wachanganyike na Watanzania wenzao, badala ya kubaki kundi lililojitenga.

Sharti hilo liligusa familia mahali penye uchungu. Watu walitakiwa kuacha mashamba waliyoyafyeka msituni, makaburi ya wazee wao, na majirani waliosaidiana nao tangu 1972. Fedha za kuhamishia watu hazikutosha, na mikoa iliyotakiwa kuwapokea haikuwa na shauku. Mwaka 2011 zoezi lilisimama.

Kwa hiyo kati ya 2010 na 2014 watu hawa walikuwa wameambiwa kwamba wamekubaliwa, wametakiwa kuukana uraia wa Burundi, lakini mkononi hawana hati. Wengi walisita kujenga nyumba ya matofali au kupanda miti ya kudumu, kwa sababu hawakujua kama wangekuwepo mwaka unaofuata. Kijana aliyeomba mkopo wa masomo au kazi serikalini aliulizwa karatasi ambayo ilikuwa imechapwa jina lake lakini haijatolewa.

Hatimaye serikali ilibadili uamuzi. Mwaka 2014, chini ya Rais Jakaya Kikwete, hati zilianza kutolewa bila sharti la kuhama, na watu wakaruhusiwa kubaki walipo. Mwaka uliofuata raia hao wapya waliweza kupiga kura katika uchaguzi mkuu. Mzee aliyevuka mpaka mwaka 1972 akiwa kijana alishika kadi ya mpiga kura akiwa na wajukuu.

Kiswahili kilifanya nini?

Swali hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Sheria ilidai Kiswahili au Kiingereza, na kwa vijana wa makazi sharti hilo halikuwa mlima. Walikuwa wamesoma, kucheza na kuchumbia kwa Kiswahili. Ugumu ulikuwa kwa wazee, hasa akina mama waliokaa shambani na kanisani kwa Kirundi, ambao walikisikia Kiswahili kuliko walivyokisema.

Lakini tusikikweze Kiswahili kupita kiasi. Lugha peke yake haikuwafanya watu wa makazi kuwa wenyeji, kwani walikisema kwa zaidi ya miaka 30 wakiwa bado wanahitaji kibali cha kutoka. Kwa upande mwingine, Warundi wa mji wa Kigoma waliweza kuishi kama wenyeji kwa sababu ya Kiswahili chao, bila hati yoyote. Waliokuwa na Kiswahili na makazi ya pamoja walionekana na kuhesabiwa, kisha wakapata hati. Wenye Kiswahili bila makazi ya pamoja walipata utulivu, ila utulivu huo ulitegemea mtu asiulize. Kwa hiyo lugha ilimsaidia mtu kuishi na jirani, na hati ilimlinda mbele ya ofisa. Familia ilihitaji vyote viwili.

Kwa waliorudi Burundi mambo yaligeuka. Watoto waliofika Makamba na Rumonge wakiwa wamesoma kwa Kiswahili walikuta shule za Kirundi na Kifaransa. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani Katumba aliweza kurudishwa madarasa ya chini kwa sababu hakujua Kifaransa. Wenzao waliwatambua kwa lafudhi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimeingizwa katika shule zetu za msingi. Sehemu ya wasemaji wake wazuri zaidi nchini leo ni watoto hao waliokiona Kiswahili kwanza kama kizuizi. Idara za Kiswahili zingefaa kuwatafuta na kuwafundisha kuwa walimu.

Hitimisho

Historia hii ina mafunzo matatu kwa anayesoma lugha na jamii katika eneo letu. La kwanza, uraia wa familia hautolewi kwa familia. Hutolewa kwa watu mmoja mmoja, kwa tarehe na hati zao. Anayetaka nyumba yake ibaki pamoja hana budi kuangalia mapema umri wa kila mtoto, cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja, na hali ya ndoa ya kila aliyeoa au kuolewa. Pili, kukubaliwa si sawa na kupewa hati, na muda ulio kati ya mambo hayo mawili ndio unaoumiza. Nchi inayomtaka mtu aukane uraia wa kwanza ina wajibu wa kumpa wa pili bila kuchelewa.

Tatu, nchi zetu jirani zinaweza kujifunza zenyewe kwa zenyewe. Kenya kwa katiba yake ya 2010 imeweka miaka saba ya ukaazi halali kwa anayeomba uraia, na sheria yake ya 2011 inamtaka mwombaji aweze kusema Kiswahili au lugha ya huko. Uganda na Kenya zinaruhusu uraia pacha, na sheria ya Burundi ya mwaka 2000 nayo inauruhusu, ilhali Tanzania hairuhusu. Kwa familia iliyo pande mbili za Malagarasi tofauti hiyo ndiyo huamua nani atarithi shamba la babu, na nani atapiga kura wapi.

Wanafunzi wetu wanaokwenda kufanya utafiti wa nyanjani wangefanya vyema kuwauliza wazee wa familia zao maneno waliyoyatumia katika miaka hiyo: impunzi, mkimbizi, mkazi, raia, tajnisi. Maneno hayo yalijadiliwa jikoni na barazani kwa lugha mbili. Wengi wa waliojadiliana wangali hai, na kumbukumbu zao hazijaandikwa.